Mtoto Akiugua Nyumbani

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maradhi ya watoto, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu sasa ni udaktari wa watoto hapa Rusizi, mahali ambapo wazee wengi bado hupaita Cyangugu. Nimekubali kwa furaha. Lakini najua yuko mwanafunzi atakayesoma kichwa cha habari hii na kusema, "Haya ni mambo ya akina mama. Mimi yanihusu nini?"

Yakuhusu sana, ndugu yangu. Mama akiwa kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama, na baba amelala mchana baada ya kuvua sambaza usiku kucha katika Ziwa Kivu, ni nani abakiye na mtoto? Mara nyingi ni wewe, hasa wakati wa likizo. Tena wewe umejifunza kusoma na kuhesabu, na unayo saa au simu yenye kuonyesha sekunde. Utaona hapa chini kwamba hesabu na saa vyaweza kuokoa maisha. Na ninyi wenzangu mliokwisha kumaliza shule, wengi wenu sasa ni baba na mama wa watoto. Kwenu sina haja ya kueleza kwa nini naandika.

Katika kazi yangu naona maradhi yale yale kila wiki: malaria, kuharisha, nimonia na utapiamlo. Hayo manne si mageni. Dawa zake zimo katika vituo vya afya, na nyingine ziko kijijini kwa mhudumu wa afya, yule tumwitaye kwa Kinyarwanda umujyanama w'ubuzima. Basi kwa nini watoto bado hufa kwa maradhi hayo? Sababu kubwa ni kuchelewa. Mtoto mdogo hana akiba mwilini kama mtu mzima. Mtu mzima aweza kuharisha siku mbili, kisha akaenda kazini. Mtoto wa miezi minane akiharisha tangu asubuhi bila kunyweshwa, jioni aweza kuwa mahututi. Ndiyo maana nataka tujue mambo mawili kwa kila ugonjwa: la kufanya papo hapo nyumbani, na dalili ya kutuambia kwamba kazi ya nyumbani imekwisha na safari ianze.

1. Homa

Wilaya yetu ni kama nchi mbili. Upande wa msitu wa Nyungwe ni milimani, kuna baridi na ukungu. Upande wa Bugarama ni bondeni, kuna joto, na mashamba ya mpunga yana maji yaliyotuama, ambayo ndiyo makazi ya mbu wa malaria. Kwa hiyo mtoto wa Bugarama akipata homa, watu wa nyumbani husema mara moja, "Ni malaria." Mara nyingi husema kweli, lakini si kila mara. Homa ni alama tu kwamba mwili unapigana na adui. Haisemi adui huyo ni nani. Yaweza kuwa malaria, nimonia, ugonjwa wa sikio au wa mkojo. Hata daktari hawezi kujua kwa kumtazama mtoto usoni. Yafaa apimwe. Mhudumu wa afya wa kijiji huchukua tone la damu kidoleni na kuliweka katika kipimo kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 jibu hupatikana. Mtoto mwenye homa apimwe siku ile ile, au kwa vyovyote kabla saa 24 hazijapita.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mpunguzie mtoto nguo. Watu wengine humfunga mablanketi matatu "ili jasho litoke," na kumbe wanazidi kulifungia joto ndani. Mpe maji ya kunywa, au maziwa ya mama kama bado ananyonya. Parasetamoli yaweza kushusha joto, lakini kipimo chake ni kwa uzito wa mtoto, wala haiui malaria. Aspirini asipewe mtoto.

Dawa ya malaria ikitolewa, imalizwe yote kwa siku zilizoandikwa, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili. Usiweke vidonge akiba kwa ajili ya mdogo wake. Jambo hili si dogo. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba hapa Rwanda wamekuta vijidudu vya malaria vilivyoanza kuivumilia dawa ya artemisinini, ambayo ndiyo silaha yetu kubwa. Dawa isiyomalizwa huacha nyuma vijidudu vilivyo sugu, navyo ndivyo vinavyozaana.

Homa ikiwa kali, mtoto mdogo aweza kupatwa na degedege. Wazee wa pwani walifikiri ni kazi ya ndege mbaya apitaye juu ya nyumba, na hapa kwetu wako wanaodhani mtoto amerogwa. Si hivyo. Ni ubongo uliovurugwa na homa, na mara nyingine na malaria yenyewe iliyopanda kichwani. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, wala usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa. Kisha apelekwe kituoni bila kungoja, hata kama degedege imekoma.

Na kinga? Chandarua chenye dawa, kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Nimekwisha kuona vyandarua vizuri vikifunika vitalu vya mboga. Mboga haziugui malaria.

2. Kuharisha

Mtoto anayeharisha hauawi na uchafu utokao, bali na maji na chumvi zinazotoka pamoja nao. Mtu akielewa hivyo, ataona kosa la wale wanaomnyima mtoto maji ili "tumbo likauke." Tumbo halikauki, mtoto ndiye anayekauka. Macho yanatumbukia ndani, mdomo unakauka, analia bila machozi, na ukiivuta ngozi ya tumbo na kuiachia inarudi polepole.

Dawa ni maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo. Huenda ukauliza kwa nini maji matupu hayatoshi. Ukuta wa utumbo una milango midogo ambayo chumvi na sukari hupita kwa pamoja, na vikipita hivyo viwili, maji huvifuata. Hata utumbo ukiwa mgonjwa sana, milango hiyo huendelea kufanya kazi. Jambo hilo lilijulikana maabarani katika miaka ya 1960, lakini lilipata sifa yake mwaka 1971, wakati wakimbizi wa Bangladesh walipojaa katika kambi ya Bangaon huko India na kipindupindu kikawashika. Maji ya mishipani yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru sukari na chumvi vichanganywe kwa maji na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifika watu kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Angalieni, walionywesha hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, kaka na dada.

Nasi wa Ziwa Kivu hatukuhitaji kusafiri mbali ili tujue ubaya wa maradhi haya. Mwezi wa Julai 1994 kipindupindu kilipoingia katika kambi za wakimbizi huko Goma, kisha kikafuatwa na kuhara damu, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja tu.

Basi fanya hivi. Pata paketi ya ORS kwa mhudumu wa afya au kituoni. Soma juu yake ni ya maji kiasi gani, maana ziko za lita moja na ziko za nusu lita. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Maji yaliyochanganywa yakipita siku moja, yamwage na kuchanganya mengine. Kama paketi haipo na usiku umeingia, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani utazidisha dawa. Chumvi nyingi ni sumu kwa mtoto.

Pamoja na hayo kuna vidonge vya zinki, ambavyo hupewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, maana huponya utumbo na kupunguza kurudi kwa ugonjwa. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Lakini ukiona damu katika choo, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, nenda kituoni.

3. Kukohoa na nimonia

Kikohozi na mafua ya kawaida hupita vyenyewe. Tatizo ni kutambua kikohozi kilichokwisha kuwa nimonia, yaani mapafu yenyewe yameugua. Hapa ndipo saa yako inapofanya kazi.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo yake, tazama kifua au tumbo, uhesabu mara ngapi linainuka kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, maana mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Hizi ndizo hesabu za kukariri:

Mtoto asiyetimiza miezi 2: mara 60 au zaidi ni hatari.
Miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja: mara 50 au zaidi.
Mwaka mmoja hadi miaka 5: mara 40 au zaidi.

Tena tazama chini ya mbavu. Ikiwa kila akivuta pumzi sehemu hiyo yabonyea ndani badala ya kutoka nje, mtoto huyo anapigania pumzi, na mahali pake ni hospitali.

Msichana mmoja wa darasa la tatu la sekondari alimleta mdogo wake wa miezi tisa. Mama yao alikuwa safarini, na jirani alikuwa ameshauri wangoje kesho. Msichana alinipa kikaratasi kilichoandikwa mara tatu: 62, 60, 64. Alikuwa amehesabu mara tatu ili awe na hakika. Sikuhitaji kuuliza mengi. Mtoto alipewa hewa ya oksijeni na dawa, na siku ya tano akarudi nyumbani. Nimewapa madaktari vijana kikaratasi hicho kuwa mfano wa jinsi ya kuleta habari za mgonjwa.

Moshi wa jikoni huumiza mapafu ya mtoto. Anayepika kwa kuni asimfunge mtoto mgongoni penye moshi. Nanyi mnaoishi upande wa milimani, msiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili mpate joto usiku. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini, watoto na wakubwa pia.

4. Bwaki

Ugonjwa huu twauita bwaki kwa Kinyarwanda. Ulimwenguni unajulikana kwa jina la kwashiorkor, neno la lugha ya Ga ya nchi ya Ghana, ambalo daktari Cicely Williams aliliandika katika jarida la waganga mwaka 1935. Akina mama wa huko walikuwa na maana yao: ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Neno hilo moja linaeleza mengi. Mtoto alikuwa akipata maziwa ya mama; sasa anapewa ugali wa muhogo peke yake. Tumbo linajaa, lakini mwili hauna cha kujengea. Miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kunyofoka, ngozi inachubuka, na mtoto hacheki tena. Watu wengine humwona amevimba wakasema, "Amenenepa." Bonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likibaki, hajanenepa.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, bila maji wala uji. Kutoka hapo aanze chakula, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Nasi watu wa Rusizi hatuwezi kusema hatuna cha kumpa. Ziwa letu lina sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 na kupandwa katika Kivu. Wakikaushwa na kusagwa, kijiko cha unga wake ndani ya uji kina nguvu kuliko sahani ya ugali mtupu. Tuna maharage, karanga, isombe, parachichi, mayai, na uji wa sosoma uliochanganywa soya, mtama na mahindi. Baba anayeuza mayai yote sokoni ili anunue soda kwa ajili ya mtoto amefanya biashara mbaya.

Mhudumu wa afya anao utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimeta 11.5, utepe waonyesha nyekundu, na mtoto apelekwe mara moja. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano; huyo yafaa aangaliwe na kulishwa vizuri kabla hajaanguka.

5. Chanjo

Vijana wa leo hawajui ndui. Sababu si kwamba ugonjwa ulichoka wenyewe. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida aliugua katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Iliondolewa kwa chanjo.

Rwanda imejitahidi sana katika jambo hili. Chanjo ya kuzuia nimonia ya pneumokoki ililetwa mwaka 2009, na ile ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto vibaya, mwaka 2012. Mtoto huchanjwa azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 15. Wengi huenda ile ya miezi 9 na kusahau ya miezi 15. Surua si vipele tu. Huleta nimonia, yaweza kupofusha macho, na humwacha mtoto dhaifu kwa miezi mingi. Mwanafunzi, chukua kadi ya mdogo wako leo uisome. Ukiona nafasi tupu, mwambie mama kwa adabu.

6. Ikirimi na ibyinyo

Sasa nasema neno ambalo huenda likawaudhi wengine, lakini hapana budi. Mtoto akikohoa au kutapika, wako wanaosema ana ikirimi, wakampeleka kwa mtu amkate kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Akiharisha wakati wa kuota meno, hufunua ufizi, wakaona uvimbe mweupe, wakasema ni ibyinyo, na uvimbe huo ukachimbuliwa. Desturi hizi si za Rwanda peke yake. Tanzania na Uganda zipo pia.

Ule uvimbe mweupe ni jino changa linalokua. Kimeo kila mtu anacho, hata mkataji. Kuvikata hakuponyi kikohozi wala kuharisha. Nimepokea watoto waliotokwa damu hadi wakawa weupe kama karatasi, na wengine walioingiwa na vijidudu kupitia kidonda. Tena siku mbili zilizopotea kwa mkataji ndizo siku ambazo nimonia ingetibiwa kwa dawa ya kawaida. Siwatukani wazee. Walitafuta msaada wakati hospitali zilikuwa mbali. Leo mhudumu wa afya yumo kijijini, na juu yake kuna kituo cha afya, na juu ya kituo ziko hospitali za Gihundwe na Mibilizi.

7. Dalili za kutongoja

Nimalizie kwa dalili ambazo, ukiona hata moja, usijaribu dawa nyingine nyumbani:

Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
Anatapika kila kitu anachopewa.
Amepatwa na degedege.
Amelegea mno, au haamki ukimwamsha.
Anapumua haraka kwa hesabu zile, au mbavu zinabonyea ndani.
Ana damu katika choo, au amevimba miguu yote miwili.
Hajatimiza miezi 2 na ana homa, au mwili wake umekuwa baridi kuliko kawaida.

Simu ya gari la wagonjwa katika Rwanda nzima ni 912. Na wakumbusheni wazazi walipe mituweli mapema, kabla hajaugua mtu, maana nimeona baba akizunguka kijiji usiku akitafuta fedha huku mtoto akizidiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, lakini nyumbani kwetu wako mama na nyanya wengi wasiokisoma. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mfanye kazi moja katika likizo hii. Nakilini hesabu za pumzi na zile dalili saba kwa Kinyarwanda, mzibandike ukutani karibu na mlango, na msomee mama jioni moja baada ya chakula. Atakuuliza maswali. Yale utakayoshindwa kuyajibu, nendeni pamoja mkamwulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Naye atafurahi kuulizwa kabla mtoto hajaugua.